Kimbunga Hidaya kiliezua bati langu, banda la makuti la mama likabaki. Kosa lilikuwa wapi?

#1 Mwana wa Kirongwe
Habari wanajamvi. Niko Mafia. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilipotua hapa kwetu, nyumba yangu iliezuliwa upande wa kusini: vyumba viwili na nusu ya sebule. Ni nyumba ya tofali za saruji, mabati ya geji 30, na fundi nilimlipa pesa yake yote. Hatua ishirini nyuma yake kuna jiko la mama yangu, la fito na udongo, limeezekwa makuti. Asubuhi tuliokota makuti yaliyotoka pale, hayakufika ishirini.

Vyumba vile mpaka leo viko chini ya turubai. Watoto wanalala sebuleni. Desemba nilipoona kimbunga Chido kilivyoifanya Mayotte, kisha Mecúfi pale Msumbiji, usingizi uliniruka kabisa. Nataka kuezeka upya kabla ya masika, ila naogopa kurudia kosa nisilolijua. Ni nini kiliondoa bati langu kikaacha makuti ya mama?

#2 Fundi Kenchi
Pole sana ndugu. Kabla sijasema lolote nijibu haya. Paa ni la pande mbili au nne? Baraza umeiunganisha na paa kubwa au imesimama peke yake? Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimeshikwa na nini pale ukutani? Na bati moja lilipigwa misumari mingapi?

#3 Mwana wa Kirongwe
Paa la pande mbili. Baraza imeungana na paa kubwa, bati linashuka moja kwa moja mpaka kwenye nguzo za mbele. Kenchi zimekaa juu ya ubao uliolazwa ukutani, zimepigiliwa misumari ya inchi 4. Misumari ya bati sikuwahi kuhesabu.

#4 Fundi Kenchi
Basi nyumba yako ilivishwa kofia, haikufungwa kamba ya kidevu.

Niseme ukweli wa kazi yetu, maana nami nimeezeka hivyo miaka mingi hapa Mtwara. Fundi anafikiria paa kama mzigo unaoshuka. Anapima kenchi zisipinde, papi (zile mbao juu ya kenchi zinazopigiliwa bati) zisibonyee, mtu akipanda asiporomoke. Akimaliza, uzito wa paa wenyewe unalikalisha na kila mtu anaridhika. Upepo mkali kazi yake ni nyingine. Ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ule unaoingia chini ya baraza unalisukuma kutoka chini. Sasa jiulize, kitu gani kinalivuta paa lako chini? Bati limeshikwa na papi, papi imeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na ule ubao, na ubao wako umeshikwa na nini? Mara nyingi ni saruji kidogo na uzito wake tu. Mnyororo unakatika pale.

Dawa yake inaanzia kwenye mkanda wa zege juu ya madirisha. Kabla zege halijakauka unachomeka vipande vya nondo mm 8, ncha zikiwa zimetokeza juu. Kenchi ikikaa, unazipinda juu yake na kuzibana. Nyumba iliyokwisha kujengwa, toboa ukuta mistari mitatu ya tofali chini ya kenchi, pitisha ukanda wa chuma, uzungushe juu ya kenchi na uupigilie pande zote mbili. Kwa kenchi zote, usichague.

Na baraza uitenge. Ipe paa lake dogo chini ya paa kubwa. Ikiondoka, iondoke peke yake.

#5 Mkwe wa Mtwara
Fundi nakuheshimu, ila hapa umesahau madirisha. Aprili 2019 tulipoambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, ofisi na shule zikafungwa, mtaani kwetu watu walikuwa wanaambizana wafungue madirisha yote ili upepo upite. Ukifunga, nyumba inakuwa kama puto, inapasuka kwa juu. Mleta mada, ulifunga madirisha? Kama ulifunga, jibu ni hilo.

#6 Mwana wa Kirongwe
Nilifunga yote. Ila chumba cha kusini kina madirisha ya nako na vioo vitatu vilikuwa vimeshavunjika siku nyingi. Tulining'iniza khanga.

#7 Hesabu Kwanza
Mkwe, umegeuza mambo. Puto linajaa kwa sababu lina tundu upande mmoja. Upepo ulitokea kusini, ukaingia kwenye zile nako zilizovunjika, ukakosa pa kutokea, ukasukuma dari na bati kwenda juu, huku nje upepo uleule unanyonya. Nguvu mbili kwa wakati mmoja. Ukifungua dirisha la upande unakotoka upepo umemkaribisha adui ndani. Funga kabisa, na uweke mbao kwa nje.

Halafu tufanye hesabu kidogo. Tuchukue upepo wa kilomita 120 kwa saa kama mfano, yaani mita 33 kwa sekunde. Msukumo wake ni kama kilo 7 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 lina uzito wa kilo 2 na nusu hivi kwa mita ya mraba. Tayari upepo umelizidi karibu mara tatu.

#8 Nahodha wa Jibondo
Mwalimu umeruka sifuri. Nusu mara 1.2 mara 33 mara 33 ni kama 650. Gawanya kwa 9.8 upate kilo. Ni 66, siyo 7.

#9 Hesabu Kwanza
Kweli kabisa, ahsante Nahodha. Basi rekebisheni: kilo 66 kwa mita ya mraba. Bati linalofunika mita 2 za mraba linavutwa kwa kilo zaidi ya 130, na pale kwenye pembe na kwenye ukingo wa paa mvuto huwa mkubwa zaidi. Kama bati lile lina misumari sita, kila mmoja unabeba kilo 22. Yenye kumi na mbili, kila mmoja kilo 11. Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana nasema misumari kwanza, hasa pembeni, chini kwenye ukingo na pale juu kwenye kofia ya paa. Hata mkanda wa zege uwe wa dhahabu, bati likichomoka kwenye msumari paa limeshaondoka.

#10 Mkwe wa Mtwara
Kwa hiyo Kenneth tulipofungua madirisha tulikosea?

#11 Nahodha wa Jibondo
Kenneth hakupiga Mtwara ndugu yangu. Kilitua Cabo Delgado Aprili 25, kusini ya mto Ruvuma, Mtwara mkapata upepo wa pembeni. Kisiwa cha Ibo ndicho kilichochanwa. Kwa hiyo madirisha yenu hayakufanyiwa mtihani.

#12 Mkwe wa Mtwara
Sawa Nahodha, ila usiseme hatukupata kitu. Mwembe wa baba mkwe ulilala chini.

#13 Tandale Juu
Wakuu, tunaogopeshana bure. Tanzania hakuna vimbunga, huu ni mwaka mmoja tu. Jobo mwaka 2021 si alifika akayeyuka? Mtu ajenge kawaida.

#14 Nahodha wa Jibondo
Hapana. Ni kweli vinatufikia kwa nadra, na sababu ipo. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo nguvu ya kujisokota, na Dar iko nyuzi 7 tu kusini. Madagaska nayo hutukinga. Ila nadra si kamwe. Unguja, Aprili 1872: kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya kisiwa na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Pemba ikasalimika, na ndiyo sababu mojawapo karafuu ya Pemba ikaja kuipita ya Unguja. Halafu Lindi, Aprili 1952.

Hidaya chenyewe kilikuwa kinapungua nguvu kilipofika, na bado daraja la Somanga lilikatika, Lindi na Dar zikawa hazipitiki kwa barabara. Kingekuja na nguvu zake zote?

#15 Mzee Boriti
Wanangu, hiyo ya Lindi mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Siikumbuki, ila marehemu baba aliisimulia mpaka mwisho wake. Alisema makuti yaliruka kama ndege na hakuna aliyekatwa na kuti. Waliokuwa na bati ndio walioingia chini ya vitanda, maana bati linapokuja kwa upepo linakata kama upanga.

Mleta mada anauliza jibu wakati analo nyuma ya nyumba. Jiko la mama yako limefungwa, halikupigiliwa. Kila fito ina kamba, kila kuti lina kamba. Ukihesabu mafundo ya paa la makuti utachoka. Upepo ukija linatikisika, linapitisha, linarudi. Boriti za mikoko zimechimbiwa ardhini, na ukuta umefumwa humo humo. Ninyi mnajenga kitu kigumu halafu mnakishikisha kwa misumari michache.

#16 Mwana wa Kirongwe
Shikamoo mzee wangu. Mama kasoma ujumbe wako, kafurahi sana, anasema alikuwa ananiambia hivyo tangu mwaka juzi.

#17 Hesabu Kwanza
Shikamoo Mzee Boriti. Kuhusu mafundo nakubaliana nawe mia kwa mia. Kuhusu kupitisha upepo pia: makuti yana mianya, msukumo wa juu na wa chini unakaribia kulingana. Na paa la makuti huwa na mwinuko mkali, maana lisipokuwa hivyo linavuja. Paa lililoinuka kama nyuzi 30 kwenda juu linanyonywa kidogo kuliko lililolala.

Ila kuna jambo hatujaliuliza. Jiko liko upande gani wa nyumba?

#18 Mwana wa Kirongwe
Kaskazini.

#19 Hesabu Kwanza
Na upepo ulitokea kusini. Basi nyumba yako ilikuwa ngao ya jiko. Bati lako lilipigana, makuti ya mama yakakaa nyuma ya kuta.

#20 Mzee Boriti
Kijana, na majiko ya jirani ambayo hayakuwa na nyumba mbele yake? Mwana wa Kirongwe atuambie.

#21 Mwana wa Kirongwe
Mawili yalilala kabisa. Matatu yamebaki. Moja ya yale matatu liko ufukweni peke yake, halina kinga yoyote zaidi ya minazi.

#22 Msukuma wa Kahama
Samahanini, mimi ni wa bara, bahari naiona kwenye picha. Nawaomba msisifie sana nyumba za udongo. Mwaka 2016 Mwakata, kwetu Kahama, mvua ya mawe na upepo usiku mmoja. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa wamelala. Ukuta wa udongo ukiloa kwa namna ile unakuangukia mzima mzima. Nilikwenda kusaidia kufukua. Sitaki kueleza nilichokiona.

#23 Binti wa Shy
Ilikuwa Machi 2015 kaka, siyo 2016. Ninaikumbuka kwa sababu nilikuwa kidato cha nne. Mengine yote uliyosema ni kweli tupu.

#24 Msukuma wa Kahama
Ahsante dada, ni 2015. Miaka inachanganyikana.

#25 Fundi Kenchi
Poleni sana. Ndugu wa Kahama kasema jambo zito. Udongo unahitaji msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi, plasta ya kuzuia maji, na paa linalotokeza kuukinga ukuta. Hapo ndipo panapouma: ukilitokeza paa sana, upepo unapata pa kushika. Kwa pwani mimi naacha nusu mita, siyo zaidi. Ukuta wa tofali za saruji unavumilia hilo. Wa udongo utalowa.

#26 Bibi Mabati
Naitwa hivyo kwa sababu nina duka la vifaa vya ujenzi huku Lindi. Wote mmezungumza maumbo na mafundo, hakuna aliyegusa bidhaa. Geji 30 iwe karibu milimita 0.3. Mimi nina kipimo dukani. Kuna mzigo niliwahi kuletewa umeandikwa 30, nikapima, ukawa mwembamba kuliko 32, na geji namba ikipanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Niliurudisha na nikapoteza pesa ya usafiri. Wateja wangu wangapi walishauziwa huko kwingine bila kujua? Bati jembamba halichomoi msumari. Linachanika kuuzunguka, msumari unabaki kwenye papi.

Pili, mbao. Mnanunua mbichi. Ikikauka juu ya paa inasinyaa na msumari unalegea wenyewe, hata upepo haujaja. Tatu, chumvi. Hapo Mafia msumari wa kawaida ndani ya miaka michache unakuwa kutu tupu kwenye shingo. Mwana wa Kirongwe, paa lilikuwa na umri gani?

#27 Mwana wa Kirongwe
Miaka tisa, shangazi.

#28 Bibi Mabati
Basi hata fundi wako usimlaumu peke yake.

#29 Mkwe wa Mtwara
Shangazi, na mawe juu ya bati je? Kwetu wengi tunaweka mawe, matairi, wengine wanapitisha kamba ya chombo juu ya paa na kuifunga kwenye vigingi pande zote.

#30 Nahodha wa Jibondo
Kamba naikubali, ikifungwa chini kwenye kitu kilichochimbiwa. Ni kama tunavyofunga chombo pepo zikichafuka. Jiwe hapana. Mwalimu kasema bati moja linavutwa kilo 130. Jiwe lako lina kilo ngapi? Likianguka linamwangukia nani?

#31 Binti Pate
Hamjambo, niko Lamu. Mnaponiambia makuti ni salama, moyo wangu unakimbia kwenda Faza, kule kisiwani Pate. Mwaka 2009 moto ulianza kwenye nyumba, upepo ukaubeba, mamia ya nyumba zikaungua. Paa kwa paa, kama mtu anayeruka vidimbwi. Nyumba zetu zimebanana, mtaa ni upana wa punda mmoja na mzigo wake. Bibi yangu alitoka na Msahafu na mtungi, basi.

Tangu siku ile ukoo wetu tumeezeka bati. Joto tunalivumilia. Upepo wa kimbunga sijawahi kuuona Pate, ila moto nimeuona. Mleta mada, jiko la mama yako liko hatua ishirini, na upepo ule ule uliolisaza siku moja utakipeperusha kijinga cha moto.

#32 Mmatumbi wa California
Dada wa Pate kanigusa. Mimi ni mtu wa Kilwa, naishi California, kazi yangu ni kusafisha na kukarabati nyumba. Januari 2025 moto wa Eaton uliteketeza majengo zaidi ya 9,000 upande wa Altadena. Nina wateja wawili waliobaki na bomba la moshi tu.

Nilidhani moto wa msituni unakuja kama ukuta na kumeza nyumba. Nyumba nyingi zinachomwa na cheche. Upepo unazirusha mbele, hata zaidi ya kilomita moja na nusu, zinatua kwenye majani makavu ya mfereji wa bati, kwenye zulia la mlangoni, au zinaingia kwenye matundu ya hewa ya darini. Nyumba inaanza kuungua kwa ndani wakati moto wenyewe haujafika. Kwa hiyo wanachokifanya sasa ni vitu vidogo: wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 au chini yake kwenye kila tundu la hewa, na mita moja na nusu kuzunguka ukuta hakuna kinachoshika moto. Hakuna kuni, ua la miti wala kiti cha plastiki. Changarawe tu.

Huko Kilwa na Mafia watu wanachoma mashamba ya mikorosho kila kiangazi, na kuni tunazipanga ukutani. Nilimpigia simu kaka yangu azihamishe. Kanicheka, ila kazihamisha.

#33 Tandale Juu
Mleta mada kauliza upepo, tumefika Amerika.

#34 Binti Pate
Moto bila upepo ungekaa jikoni, kaka. Ni mada moja.

#35 Mama Mikindani
Mnisamehe nimesoma yote ndiyo nachangia. Ninyi wote mnatafuta sababu moja. Nyumba ya dada yangu iliezuliwa na upepo wa masika wa kawaida, wala si kimbunga: ilikuwa na mkanda wa zege, kenchi zimefungwa, bati zuri. Kilichotokea, mnazi wa jirani uliangukia pembe moja, bati la pembe likafunguka, upepo ukaingia humo ukafunua lote kama mkeka. Ukataji wa miti mnaujadili lini?

#36 Nahodha wa Jibondo
Mama, mnazi ule ule ndio uliokinga jiko la ufukweni kwenye #21. Mimi nisingekata. Ningeangua nazi na kupunguza makuti makavu kabla ya msimu.

#37 Mama Mikindani
Wewe hukulala kwa dada yangu usiku ule.

#38 Mwana wa Kirongwe
Ndugu zangu, ahsanteni. Baada ya kusoma #26 nilikwenda kwenye rundo la mabati nililolitupa nyuma ya nyumba tangu Mei. Nimekaa nalo tangu asubuhi na mwanangu mkubwa tukilihesabu.

Mabati kumi na nne. Saba yana matundu yaliyochanika, misumari haipo, ina maana ilibaki kwenye papi. Hapo Bibi Mabati na Mwalimu wana haki. Manne yametoka na papi zake, misumari ya bati bado imeshika, lakini ile ya inchi 4 iliyoshikilia papi kwenye kenchi imechomoka mizima, imenyooka, haina hata kutu. Matatu yametoka na kipande cha kenchi, na kwenye kipande kimoja kuna ule ubao wa ukutani wenye saruji yake chini. Hapo ni Fundi. Na kwenye bati moja kati ya yale saba nimehesabu matundu matano tu. Matano, bati zima la mita 3.

Sasa kipi kilianza?

#39 Hesabu Kwanza
Yale saba yalikuwa upande gani wa paa? Pembeni au katikati?

#40 Mwana wa Kirongwe
Mwalimu, niliyaokota mpaka kwenye shamba la jirani. Sijui.

#41 Fundi Kenchi
Usiyauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hizo papi usizifanye kuni. Piga picha ya kila tundu, weka alama kwa chokaa. Nina kazi Nyamisati wiki ijayo, nikimaliza napanda kivuko nije Kilindoni. Mwambie mama aniruhusu nipande na juu ya jiko lake, nataka kuhesabu yale mafundo.

#42 Mwana wa Kirongwe
Mama anasema karibu, ila uvue viatu kabla hujapanda.